Mama Mkuu na Daftari la Dalili

4 Februari

Mdogo wangu,

Naomba radhi kwa ukimya wa miezi saba. Barua zako tatu zimenifikia, zote zikiwa na mihuri inayosomeka, kwa hiyo siwezi kuisingizia posta. Nilikuwa na shughuli. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba ile redio anayoitengeneza tangu alipostaafu sasa inatoa sauti. Sisi hapa hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini hayamsumbui akienda kwa majirani. Mwenyekiti wa mtaa amehama, nami nimechaguliwa kushika nafasi yake bila kupingwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyehudhuria kikao.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo ni dogo. Mwezi wa Novemba, nikioga, niligundua kijiwe kama punje ya hindi upande wa kushoto, mbele, juu ya mbavu, chini ya mfuko wa shati. Nilikipa muda wa kuondoka. Hakikuondoka. Daktari wa hapa jirani alinipeleka hospitali kuu. Huko walichukua kinyama kwa sindano, wakakipima, na sasa nimeingizwa katika utafiti.

Ni utafiti wa heshima. Wanajaribu dawa kwa miezi mitano kabla ya upasuaji. Wagonjwa wengine wanapewa kidonge chenye nguvu ya kawaida, wengine chenye nguvu ndogo, na vidonge vyote vinafanana, hivyo si mgonjwa wala daktari anayejua nani amepewa kipi. Kila mwezi wanapiga picha kuona kama kijiwe kinapungua. Mimi ni namba kumi na saba. Nimewaeleza kwamba karatasi yao ya ridhaa ina kurasa kumi na nne, ilhali mambo yenyewe yangetosha kurasa tatu.

Kliniki ni kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Wifi yako nimemwambia kwamba nimeombwa kuikagua. Usimwandikie lolote.

Ugonjwa wenyewe sitautaja, kwa kuwa ni wa sehemu ambayo mimi, kama mwanaume, sina.

Ndimi kaka yako.


17 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Redio haijatoa sauti, ila sasa inatoa moshi, na shemeji yako anasema hayo ni maendeleo. Nina magauni sita ya kumaliza kabla ya Jumamosi, yote ya dada wa familia moja, na kila mmoja anataka aonekane mwembamba kuliko mwenzake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Upande wa kushoto, mbele, juu ya mbavu, chini ya mfuko wa shati. Kaka, mimi ni fundi cherehani. Nimepima vifua kwa miaka arobaini na mitatu. Hapo panaitwa titi. Unalo. Unayo mawili, na niliyaona siku ile ulipovua shati ukikimbizwa na nyuki. Na una saratani ya titi. Tazama, nimeliandika neno lenyewe na kalamu haijavunjika.

Nililia kidogo, nikacheka kidogo, nikalia tena, na gauni la dada wa tatu likapata doa.

Sasa nijibu kama mtu anayejibu. Unaumwa? Wanasema watakipunguza? Na huo upasuaji umeukubali, au umeupa muda wa kuondoka kama ulivyokipa kijiwe?

Halafu mke wa ndoa ya miaka thelathini na nane hadanganyiki kwa habari ya kliniki inayokaguliwa na mwalimu wa jiografia.

Mdogo wako.


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa doa. Sisi hatujambo, wifi yako ameanza kunipigia pasi shati kila Jumanne ya kliniki, kwa kuwa mkaguzi lazima awe nadhifu. Hajui lolote.

Umeuliza ninaishi vipi na wagonjwa wenzangu. Hukuuliza, lakini nitakujibu hilo. Chumba cha kusubiri kina viti kumi na viwili vya plastiki, vyote vya rangi ya waridi, na ukutani kuna picha ya mwanamke anayecheka bila sababu. Siku ya kwanza muuguzi alitoka na faili, akaita: "Mama namba kumi na saba!" Nilisimama. Nikasema, "Mimi si mama." Muuguzi akatazama faili, akanitazama mimi, akatazama faili. "Hapa imeandikwa Mama." Ikabainika kwamba fomu zao zote zimechapwa neno hilo tayari, na kwamba katika kila wagonjwa mia, mwanaume ni mmoja hivi. Huyo mmoja ndiye mimi.

Mwanamke mmoja, dereva wa lori, akanigongagonga begani. "Kaa chini, mwenzetu. Hapa hakuna anayekuuliza umezaa wangapi." Tangu siku hiyo wananiita Mama Mkuu. Nimekataza. Hawakatazwi. Hata hivyo nimewapanga kwa namba, nimeondoa mazungumzo yasiyo ya lazima, na foleni sasa inakwenda vizuri.

Mashine ya picha ina vibao viwili. Kinachopigwa picha huwekwa katikati, kisha kibao cha juu hushuka kukibana. Mimi sina cha kutosha kuwekwa, kwa hiyo mpiga picha alilazimika kukikusanya kutoka mbavuni na kwapani, kama mtu anayejaza begi dogo kwa safari ndefu. Haiumi hata kidogo.

Huyo mpiga picha ndiye jambo baya. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, hunikumbuki?" Nilimkumbuka. Ni yule msichana niliyemkamata katika mtihani wa jiografia akiwa ameandika majina ya mito upande wa chini wa rula. Nilimtembeza mbele ya shule nzima hadi ofisini, nikafuta matokeo yake, naye akarudia mwaka. Sasa miaka ishirini na mitano imepita, nami nimesimama mbele yake bila shati, amenishika kwa mikono miwili.

"Pumua ndani, Mwalimu," akasema. "Zuia pumzi. Usisogee. Usitazame kwa jirani."

Sikusogea.

Tumepewa pia daftari la dalili. Kila siku mgonjwa anatakiwa ajipe alama, kuanzia sufuri hadi kumi, katika safu tano: joto la ghafla, maumivu, uvimbe, uchovu na hofu. Nina sufuri kila safu. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kujivunia sufuri. Kwa upande wa daftari niko mbele ya ratiba.

Jambo moja tu limetokea, nalo halihusiani na dawa. Nikiwa naongoza kikao cha mtaa juu ya takataka, chumba kilipata joto la ajabu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kumbukumbu za kikao. Niliamuru wajumbe wote tuhamie nje. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Tulimaliza ajenda. Nimeandika kwa mwenye jengo kuhusu mabati yake.

Mpiga picha ameniuliza kama nina dada. Anasema ni muhimu. Wewe umepigwa picha lini?

Kaka yako.


20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Nimeicheka barua yako mpaka shemeji yako akazima redio ambayo hata haiwaki, apate kusikia.

Hayo si mabati. Hayo ndiyo yaliyonipata mimi nilipofika miaka hamsini, ulipokuja kunitembelea ukanikuta nimeingiza kichwa kwenye friji, ukasema sina adabu. Sasa yamekufikia. Karibu. Vaa pamba, beba kipepeo cha kujipepea, kaa karibu na dirisha, na usiwatoe watu kwenye mvua. Kisha uandike kwenye daftari: joto la ghafla, tisa. Ndicho wanachokitafuta, Kaka. Kama dawa inakuchemsha, wanataka kujua inakuchemsha kiasi gani, maana kuna wengine watakaoinywa baada yako.

Mwambie yule dereva wa lori nampenda.

Kuhusu swali lako, huku mvua ni nyingi na barabara ni mbaya.

Mdogo wako.


11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hukujibu swali. Mvua haiingii ndani ya hospitali.

Habari njema kwanza: kijiwe kilikuwa na milimita kumi na tisa, sasa kina kumi na tano. Mpiga picha alinionyesha kwenye skrini. Kinafanana na ramani ya kisiwa. Nilimwambia hivyo, akasema, "Kisiwa gani, Mwalimu? Nisije nikakosea tena."

Kuhusu daftari, siwezi kuandika unayoyasema. Mtu akiniuliza hali, najibu kwamba ni nzuri. Ndivyo Mama alivyotulea. Hata mwaka ule alipolala kwa ugonjwa wa kifua, kila aliyeingia akimwuliza alijibiwa, "Sijambo, karibu, kiti hicho hapo." Mimi nani nianze kuwaorodheshea wageni jasho langu? Tena mtafiti mkuu, ambaye ni mwanamke makini sana, amenipongeza hadharani. Anasema katika wagonjwa wote ni mimi peke yangu ambaye sijapata dalili hata moja, nao wanajiuliza kama mwili wangu una siri fulani. Wamenichukua chupa mbili za damu za ziada kwenda kuichunguza hiyo siri. Wenzangu waliponiuliza nafanyaje, niliwaambia ni nidhamu. Dereva wa lori akasema, "Mama Mkuu, mbona koti lako limelowa?"

Umeuliza juu ya upasuaji. Nje ya chumba cha upasuaji kuna ubao mweupe ambapo huandikwa jina la mgonjwa, saa, na kiungo. Ubao huo uko kwenye njia ya kwenda kwenye chai. Kila mtu anausoma. Nimeusoma mimi mwenyewe. Ninafikiri.

Kwingineko ni salama. Viatu vyangu vya kliniki vimeanza kubana, hasa cha kushoto. Shavu la mguu huo limevimba na lina joto, na nikilibonyeza linauma. Nimekipeleka kiatu kwa fundi akipanue.

Wewe umepigwa picha lini?

Kaka yako.


20 Aprili

Kaka,

Leo hakuna shikamoo.

Nilipofika kwenye kiatu niliiacha cherehani ikizunguka yenyewe, imeshona mkono wa blauzi ukazibika. Najua tuliapa kutopigiana simu tangu siku ile uliponisahihisha sentensi nikiwa nalia. Sikukupigia wewe. Nimepiga kliniki. Namba nimepewa na wifi yangu, yule asiyejua lolote, naye hakuitafuta popote; ameikariri.

Nimemwambia muuguzi: mguu mmoja, umevimba, una moto, unauma. Hakuniacha nimalize. Ameuliza uko wapi. Nimesema, ikiwa hayuko nyumbani, mtafuteni kwa fundi viatu, amekwenda kutibiwa.

Wakati huu ninapoandika wanakufuata. Ukinuna, nuna ukiwa hai.

Mdogo wako.


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Walinikuta kwa fundi viatu, kwenye benchi, nikiwa na kiatu kimoja. Kingine kilikuwa kimetiwa kalibu ya kukipanua. Nilipandishwa gari la wagonjwa mbele ya wajumbe wawili wa mtaa na mtu niliyewahi kumwandikia barua ya onyo kuhusu kuku wake. Nilikuwa nimekusudia kukuandikia maneno makali. Nimeyafuta.

Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Wanasema ni hatari inayojulikana ya dawa hii. Iko ukurasa wa tisa wa ile karatasi niliyosema ingetosha kurasa tatu. Wamesimamisha vidonge, na nachomwa sindano za kuyeyusha damu kila siku. Mtafiti mkuu anasema bonge lile lingeweza kupanda hadi kwenye mapafu, na asingekuwa na mgonjwa wa kumpongeza.

Aliyeupiga mguu picha ni yuleyule mwanafunzi wangu. Alipomaliza akaomba daftari langu, ambalo huwa nalibeba ndani ya koti. Nilimpa. Akafungua Aprili. Sufuri kila safu. Akautazama mguu wangu, uliokuwa mnene kama gogo. Akafungua Mei. Akafungua Juni.

"Mwalimu, leo tarehe ngapi?"

"Ishirini Aprili."

"Hapa, tarehe kumi na tatu Juni, umeandika hukupata joto."

"Ndiyo."

"Umejuaje?"

Nilimweleza kwamba mwalimu mzuri huandaa kazi yake mapema; kwamba kwa miaka thelathini na tano maandalio yangu ya muhula yalikuwa tayari kabla ya muhula kufunguliwa; kwamba nililijaza daftari lote Jumapili moja ya Januari, kabla ya kidonge cha kwanza, kwa wino mmoja na mwandiko safi.

"Maandalio ya nini, Mwalimu? Ya homa ya mwezi ujao?"

Nyuma ya pazia dereva wa lori, aliyekuwa akisubiri picha yake, alicheka mpaka akaangusha kitu cha chuma.

Mpiga picha hakucheka. Alilifunga daftari, akaliweka mapajani mwangu. "Nilikuwa na miaka kumi na sita," akasema. "Rula yangu ilikuwa na mito sita. Wewe una siku mia moja na hamsini."

Nilizihesabu kurasa kwa kidole; hakukosea.

"Ofisi ya mtafiti mkuu iko mwisho wa ukumbi," akaendelea. "Sitakutembeza. Utakwenda mwenyewe, ukitaka."

Nilikwenda. Nilisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni, kisha nikashuka, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu husema akiwa amesimama. Nilisema: "Nimedanganya katika mtihani." Mtafiti mkuu alidhani dawa imenipanda kichwani. Nilipomwonyesha Juni, alivua miwani. Akanieleza kwamba watu wanne wa maabara wamekuwa wakiichunguza damu yangu majuma mawili, wakitafuta siri. Kisha akasema jambo lililoniuma kuliko sindano: "Ukisema sufuri, nasi tukakuamini, tutawapa wenzako dawa tukiwaambia haina shida. Huku kwetu sufuri ya uongo inaumiza mtu."

Amenisomea uamuzi. Kurasa za daftari langu zimewekwa alama kwamba haziaminiki. Picha zangu zitahesabiwa. Na damu iliyoganda itahesabiwa pia, kwa sababu hiyo haikuandikwa na mimi. Yaani matokeo yangu yamefutwa. Nimestahili. Nimepewa daftari jipya, tupu.

Upasuaji unaweza kufanywa mwezi wa sita mguu ukiwa salama. Wanataka kuliondoa titi lote. Wanasema bila hivyo kijiwe kitaanza kukua tena, maana vidonge nimevikosa. Wanasubiri jibu langu. Sijatoa.

Mpiga picha ameuliza tena juu ya dada yangu. Nami nakuuliza mara ya tatu.

Kaka yako.


18 Mei

Kaka,

Shikamoo mbili, moja ya leo na moja niliyokunyima.

Wa hapa hatujambo. Hapana, ngoja. Nimeliandika tu kwa mazoea. Shemeji yako hajambo. Redio imekufa, ameizika kwenye sanduku. Mimi nimeshindwa kushona siku nne.

Mama hakufa kwa ugonjwa wa kifua. Wewe ulikuwa chuoni ukisomea ualimu. Ukija likizo alivaa blauzi ya mikono mirefu, akakuambia sijambo, karibu, kiti hicho hapo. Lilikuwa titi, Kaka. La kushoto, kama lako. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilishia vitambaa, mwaka mzima, na blauzi ile nilimshonea mimi, ndiyo kazi yangu ya kwanza. Alinikataza kusema. Nami nikatii vizuri sana, mpaka leo.

Ndiyo maana sikukujibu. Hospitali ya huku imeniandikia mara mbili kuniita nipigwe picha. Barua zote mbili ziko kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, na juu yake nimeweka vifungo vya makoti, ambavyo havitoki mpaka baridi. Wateja wangu nawapima, nikigusa kitu kigumu nawaambia nenda ukaonekane. Watatu wamekwenda. Mimi mwenyewe najipima kwa nguo tu. Wewe ulijaza siku mia moja na hamsini, mimi nimejaza miaka kumi na moja, sufuri kila safu.

Sasa tufanye hivi. Ukiukubali upasuaji, mimi nitafungua kopo. Ukikataa, linabaki limefungwa, na tutakufa wote wawili na adabu zetu.

Nimekutumia shati. Linafunguka mbele lote, vifungo vikubwa, ili usiinue mkono. Mfuko nimeuhamishia kulia.

Mdogo wako.


12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba mbili.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye kiti cha waridi. Muuguzi aliita, "Mama namba kumi na saba!" nami sikusikia, na dereva wa lori akaniuliza, "Mama Mkuu, nani amekufa?" Nikamjibu kwamba ni Mama, na kwamba ndio kwanza nimepata taarifa. Wanawake wale hawakucheka. Walisogeza viti.

Kisha niliinuka, nikaenda kwa daktari wa upasuaji, nikasema ndiyo. Ni tarehe 23 Juni, saa tatu asubuhi.

Siku walipopanga orodha, dada wa zamu alikuwa ameandika kwenye ubao, chini ya kiungo, neno "kifua". Alinieleza kwamba amefanya hivyo kunisitiri. Nilimwomba kalamu. Nililifuta kwa kiganja, nikaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka kwenye meza ya chai: TITI, LA KUSHOTO. Nikapiga mstari chini yake kwa rula. Rula niliazima kwa mpiga picha. Aliikagua upande wa chini kabla ya kunipa.

Wifi yako nimemweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza nilidhani nani alikuwa akinitilia kadi ya kliniki mfukoni baada ya kupiga pasi.

Huu hapa ndio ukurasa wa kwanza wa daftari langu jipya, uliojazwa leo kwa ajili ya leo. Joto la ghafla: sufuri, na safari hii ni sufuri ya haki. Maumivu: mbili. Uvimbe: moja. Uchovu: nne. Hofu: nane. Mpiga picha ameipitia, akaweka alama ya vema pembeni kwa wino mwekundu. Miaka yote niliyofundisha sikujua alama hiyo inampa mtu furaha kiasi gani. Ningeitoa zaidi.

Nimechana ukurasa mmoja mtupu, ninauambatisha. Ni wako. Usiujaze mapema.

Picha haiumi hata kidogo, kama nilivyokwisha kusema.

Kaka yako.


27 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Ninaandika hapahapa hospitali, nyuma ya ukurasa wako, kwenye kiti cha plastiki. Cha huku ni cha kijani. Wifi amenipigia simu: umetoka salama, limetoka lote, na ulipozinduka neno lako la kwanza lilikuwa kuuliza msimamizi wa chumba ni nani. Nimelia tena, lakini safari hii kwenye kitambaa changu mwenyewe.

Kopo nimelifungua. Picha nimepigwa leo asubuhi. Kaka, ulisema haiumi hata kidogo. Umesema mara mbili, kwa maandishi, na tarehe umeweka. Inabana kama mlango wa gari! Mwambie yule mwanafunzi wako akufutie matokeo tena.

Wameona kitu upande wa kulia. Mpiga picha wa huku akarudia picha, kisha akanipaka ile dawa baridi ya ultrasaundi na kunizungushia kidude chake mara tatu mahali palepale. Anasema kinaweza kuwa kitu, kinaweza kuwa si kitu. Madaktari watatu watakaa Jumatatu kuamua kama wachukue kinyama au waniache niende zangu.

Nimejaza ya leo, leo. Joto la ghafla: sufuri, hayo nimeyamaliza zamani. Uvimbe: sijui, ndicho wanachokitazama. Uchovu: tano. Maumivu: sita, shukrani kwako. Hofu: tisa. Ilikuwa kumi, lakini mama aliyekaa hapa jirani ameniuliza hili shati ninalolishonea vifungo ni la nani. (Ni lako, la pili, la kubadilishia.) Nikamweleza habari za Mama Mkuu tangu nyuki mpaka ubao. Ameitwa mara mbili hakusikia kwa kucheka.

Wakishaamua, kiwe kitu au kisiwe kitu, nitakuandikia siku hiyohiyo, na neno la kwanza halitakuwa sijambo.

Mdogo wako.